Pedi Imepimwa, Mama Ameulizwa?



Nianze kwa kukiri. Miaka yangu ya kwanza ya udaktari nilikuwa namuuliza kila mama aliyeketi mbele yangu, “Una tatizo lingine, mama?” Naye hunijibu, “Hakuna, mwanangu.” Naandika hakuna. Siku moja kikohozi kilimbana mama mmoja pale pale kitini. Nikamuona anabana mapaja upesi na kujivutia kanga. Nilipomuuliza kama mkojo umemtoka, alitazama mlango kwanza, kuona kama umefungwa. Kisha akaniambia huu ni mwaka wa tisa. Alikuwa amekuja kwangu mara nne kwa shinikizo la damu, na mara zote nne nimeandika hakuna.

Tangu siku hiyo siulizi tena habari ya tatizo lingine. Nauliza hivi: “Ukikohoa, ukipiga chafya, ukicheka sana au ukijitwisha ndoo, mkojo unakuponyoka?” Wapo wanaolia kabla hawajajibu.

Nimekuja kuzungumzia utafiti wa tiba ya jambo hilo. Wengi wanadhani halina tiba, kwamba ni uzee, kwamba ndiyo malipo ya kuzaa. Si kweli. Zipo tiba, na zimepimwa kwa majaribio makubwa yaliyofanywa kwa uangalifu. Ila kila jibu la majaribio hayo limetegemea aliyeulizwa ni nani, na ameulizwa kwa muda gani. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame kwa makini.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Fikirini kitanda cha kamba. Kamba zikiwa zimekazwa, ukikaa unahisi kitanda kinakupokea. Zikilegea, unabonyea hadi karibu na sakafu. Chini ya nyonga ya mwanamke kumetandikwa misuli namna hiyo, na juu yake kimekaa kibofu na mrija wa mkojo. Mtu akikohoa, tumbo hukandamiza kibofu kwa ghafla. Kamba zikiwa imara, mrija unakandamizwa dhidi ya kitu kigumu na kujifunga. Zikilegea, mrija unateremka pamoja na kishindo, haujifungi, na mkojo unatoka. Hautoki kwa sababu mama ni mchafu au mvivu.

Tusiuchanganye mkojo huu unaovuja kwa kishindo na mkojo wa haraka, ule unaomshika mtu ghafla akiwa bado hajafika chooni; huo una tiba zake. Wala tusiuchanganye na nasuri, ambapo uchungu wa uzazi uliokwama umetoboa tundu na mkojo unatiririka usiku na mchana. Nasuri nitairudia baadaye.

Ni wanawake wangapi wanaovuja mkojo? Wanorwe waliwauliza wanawake 27,936 katika mkoa wa Nord-Trøndelag. Robo yao walisema wanavuja mkojo, na karibu nusu ya hao walivuja kwa kishindo peke yake. Miongoni mwa wenye umri chini ya miaka 65, kuvuja mkojo kwa namna yoyote kulikuwa asilimia 10.1 kwa wasiowahi kuzaa, 15.9 kwa waliozaa kwa upasuaji tu na 21 kwa waliozaa kwa njia ya kawaida. Naomba mtu asitoke hapa akisema dawa ni kuzaa kwa kisu. Angalieni nambari ya kwanza: hata asiyezaa kabisa anaweza kuvuja. Mimba yenyewe, umri, uzito wa mwili na kikohozi cha muda mrefu, vyote vinalegeza kamba.

Sasa, mtafiti atajuaje kwamba mama amepona? Anaweza kumwambia akohoe kibofu kikiwa kimejaa, naye akaangalia kama tone linatoka. Anaweza kupima pedi kavu kwenye mizani, mama akaivaa akatembea, akapanda ngazi, akarukaruka, kisha pedi ikapimwa tena. Gramu zilizoongezeka ndizo mkojo uliotoka. Anaweza kumpa daftari la siku tatu aandike kila alipovuja. Na anaweza kumuuliza.

Njia hizi hazitoi jibu moja. Mwaka 2010 Holly Richter na wenzake, huko Marekani, walichapisha jaribio la wanawake 597 waliofanyiwa upasuaji wa kuwekewa utepe chini ya mrija wa mkojo. Walipangwa kwa kura katika namna mbili za kuupitisha utepe huo: nyuma ya mfupa wa kinena, au pembeni kuelekea mapajani. Baada ya mwaka mmoja, kwa kipimo cha kikohozi na pedi, waliofanikiwa walikuwa asilimia 80.8 kwa namna ya kwanza na 77.7 kwa ya pili. Kwa maelezo ya wanawake wenyewe na daftari zao, walikuwa asilimia 62.2 na 55.8. Upasuaji ni huo huo na wanawake ni hao hao. Pedi ilisema karibu wanane katika kumi wamepona. Wenyewe walisema ni sita, au hata pungufu.

Nambari hizo zimenikaa moyoni miaka mingi. Wale wawili waliobaki katikati, mimi siamini kwamba wanadanganya wala kwamba ni wagumu kuridhika. Pedi hupimwa siku moja, kliniki. Mama anaishi siku zote nyingine: anambeba mjukuu, anashuka kwenye daladala kabla haijasimama vizuri, anaamka usiku akihisi haraka ya mkojo ambayo hakuwa nayo kabla ya kisu. Mizani haijui hayo.

Turudi nyuma kidogo, kwenye mazoezi, maana ndipo watu wetu wengi watakapoanzia.

Mwaka 1948 daktari Mmarekani, Arnold Kegel, alichapisha makala kuhusu wanawake waliolegea misuli ya nyonga baada ya kujifungua. Alikuwa ametengeneza kifaa cha kuingizwa ukeni, kimeunganishwa na kipimo cha shinikizo. Mwanamke alibana, akaona kwa macho yake mshale ukipanda. Msuli ambao hakuwahi kuuona ulimjibu. Napenda sana wazo hilo. Lakini Kegel hakuwa na kundi la kulinganisha, na bila hilo hatujui nani angepona vivyo hivyo kwa muda kupita.

Aliyelinganisha ni Kari Bø wa Norwe na wenzake, mwaka 1999. Wanawake walikuwa 107 tu, wakagawanywa makundi manne. Kundi moja lilifanya mazoezi: kubana kwa nguvu mara 8 hadi 12, mara tatu kwa siku, na mara moja kwa wiki kukutana na mtaalamu wa fiziotherapia kufanya pamoja. La pili lilipewa umeme wa kusisimua misuli, la tatu vikoni vya kushikilia ukeni, la nne halikupewa tiba. Baada ya miezi sita waliulizwa kama bado wanajiona wana tatizo. Waliosema hawana tena: 14 kati ya 25 wa mazoezi, watatu kati ya 25 wa umeme, wawili kati ya 27 wa vikoni, na mmoja kati ya 30 wasiotibiwa. Vifaa vya kununua vilishindwa na misuli aliyozaliwa nayo mama.

Tangu hapo ushahidi umejaa. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2018, yaliyoongozwa na Chantale Dumoulin wa Kanada, yalikusanya majaribio 31 yenye wanawake 1,817. Kwa wenye kuvuja kwa kishindo, waliosema wamepona walikuwa asilimia 56 wakifanya mazoezi, na asilimia 6 wasipofanya.

Lakini ni lazima mtu afundishwe, na hapa nawasemesha wakunga hasa. Mwaka 1991 Richard Bump na wenzake waliwaeleza wanawake 47 kwa maneno tu namna ya kubana. Karibu nusu ndio waliofanya sawasawa, na robo walifanya kwa namna ambayo ingeweza kuongeza tatizo badala ya kulipunguza: walisukuma chini badala ya kuvuta juu. Kumpa mama karatasi yenye picha na kumwambia “kabane nyumbani” hakutoshi. Mwambieni afanye kama anayezuia upepo usimtoke mbele ya wakwe, huku anapumua kama kawaida, matako na mapaja yametulia. Kisha mkunga ahakikishe kwa kidole, kwa ridhaa ya mama, kwamba msuli umevuta. Na asifanye mazoea ya kukatiza mkojo katikati akiwa chooni. Hiyo si shule yake.

Lipo pia jambo moja jepesi ambalo kila mtu ndani ya ukumbi huu anaweza kuondoka nalo. Mwaka 1998 Janis Miller na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Michigan, waliwafundisha wanawake 27 wa makamo ya bibi zetu kubana kabla tu ya kukohoa. Wakawashikisha karatasi ya kufutia maji, wakapima eneo lililolowa. Baada ya wiki moja tu, kwa kikohozi cha kawaida mlowano ulipungua kwa asilimia 98.2, na kwa kikohozi kizito kwa asilimia 73.3. Wiki moja haikuwa imekuza msuli. Walichojifunza ni wakati wa kuutumia.

Sasa swali gumu: mazoezi au kisu? Waholanzi walilijibu mwaka 2013, katika jaribio la Julien Labrie na wenzake. Wanawake 460 wenye kuvuja kwa wastani au sana walipangwa kwa kura, nusu fiziotherapia, nusu upasuaji wa utepe. Waliruhusiwa kubadili njia wakiona hawaridhiki. Mwaka ulipokwisha, asilimia 49 ya walioanza na mazoezi walikuwa wamekwenda kwenye upasuaji. Waliosema wana nafuu walikuwa asilimia 90.8 upande wa upasuaji na 64.4 upande wa mazoezi. Waliosema wamepona kabisa, 85.2 na 53.4. Na madhara yaliyoripotiwa yote yalitokana na upasuaji.

Kuna wanaolisoma jaribio hili wakasema: basi mazoezi ni kupoteza muda. Mimi nasoma mambo mawili ndani yake. Mama anayevuja sana asinyimwe upasuaji kwa kuambiwa aende akabane tena miaka mitatu. Hiyo si huruma. Na zaidi ya nusu ya wale wa mazoezi walimaliza mwaka bila kukatwa popote. Mwenye haki ya kuchagua ni mama, baada ya kusomewa nambari zote mbili kwa lugha anayoielewa.

Upasuaji wenyewe una historia ndefu, nami nitaipita haraka. John Burch wa Nashville mwaka 1961 alieleza namna ya kuiinua shingo ya kibofu na kuishonea kwenye kano imara nyuma ya mfupa wa kinena. Wengine walikata ukanda wa nyama ngumu ya tumbo la mgonjwa mwenyewe wakautengeneza kuwa kombeo la kuubeba mrija. Njia hizo mbili zilishindanishwa Marekani kwa wanawake 655, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Baada ya miaka miwili, kwa kuvuja kwa kishindo, kombeo lilifanikiwa kwa asilimia 66 na mshono wa Burch kwa 49. Lakini wenye kombeo walipata maambukizi ya mkojo zaidi, na asilimia 14 walipata shida ya kukojoa, dhidi ya asilimia 2. Mrija ukibanwa mno, mama aliyekuwa anavuja sasa anakaa chooni akisubiri.

Kisha ikaja plastiki. Mwaka 1996 Ulf Ulmsten na wenzake, Uppsala nchini Sweden, walichapisha upasuaji wa kupitisha utepe wa nyuzi za polipropilini chini ya katikati ya mrija. Ganzi ilikuwa ya mahali tu. Mama alikuwa macho, akaambiwa akohoe pale mezani, na daktari akarekebisha utepe kwa kadiri ya kikohozi chake. Sijui upasuaji mwingine ambao mgonjwa alishirikishwa hivyo. Muda ulikuwa mfupi, kidonda kidogo, na mama alirudi nyumbani upesi. Mwaka 2002 Karen Ward na Paul Hilton walitoa matokeo ya wanawake 344 kutoka hospitali 14 za Uingereza na Ireland: baada ya miezi sita, utepe ulifanikiwa kwa asilimia 66 na njia ya Burch kwa 57. Ulienea dunia nzima.

Miezi sita. Naomba tukae hapo. Utepe huo unawekwa mwilini uishi humo maisha yote. Kwa wanawake wengi ulifanya kazi yake, nami nimewaona wanaoushukuru. Kwa wengine ulitokeza ukeni kama ncha ya waya, ukaleta maumivu ya paja na nyonga, ukafanya tendo la ndoa lisivumilike, na kuutoa kukawa kugumu kuliko kuutia, maana nyama ilikwisha kuota ndani ya nyuzi. Walirudi kwa madaktari wao. Wengi waliambiwa ni mawazo yao, au ndivyo umri wao ulivyo. Kumbukumbu za hospitali za wanawake 92,246 wa Uingereza waliowekewa utepe kati ya 2007 na 2015 zilionyesha kwamba asilimia 9.8 walipata madhara yaliyowarudisha hospitali au yaliyoandikwa, kwa hesabu ya hadi miaka mitano. Karibu mmoja katika kumi. Hospitali haikuandika maumivu ya waliokaa kimya.

Skotlandi ilisimamisha upasuaji wa utepe huo mwaka 2014. England ilisimamisha Julai 2018. Julai 2020 ikatoka ripoti ya Baroness Julia Cumberlege, aliyesafiri kuwasikiliza wanawake hao na familia zao. Alisema wazi kwamba mfumo mzima haukuwasikiliza, na kwamba hakuna aliyeweza kusema ni wangapi wameumia kwa kuwa hakukuwa na daftari la kuwafuatilia. Kosa halikuwa la hesabu za majaribio. Asilimia 66 ilikuwa asilimia 66. Kosa lilikuwa kuacha kuuliza mapema, na kutomuamini aliyerudi kujibu bila kuulizwa.

Dawa za vidonge nitazitaja kwa sentensi chache. Duloksetini iliruhusiwa Ulaya mwaka 2004 kwa ugonjwa huu. Inapunguza kuvuja kwa baadhi, lakini kichefuchefu kiliwafanya wengi waache. Marekani haikuruhusiwa kwa kazi hiyo. China nayo ilijaribu sindano za tiba ya asili zenye umeme, kwa wanawake 504, mwaka 2017: pedi zilipungua uzito kwa gramu 9.9, dhidi ya 2.6 kwa sindano za kuigiza. Ni jambo la kulifuatilia.

Basi sisi tufanyeje? Baadhi ya majibu ya wenzetu yanatufaa kuliko yanavyowafaa wao. Mwaka 2012 jaribio la wanawake 630 Marekani lilionyesha kwamba, kwa kuvuja kwa kishindo kusiko na utata, kupitisha mama kwenye mashine ya kupima shinikizo la kibofu kabla ya upasuaji hakukuongeza mafanikio: asilimia 76.9 kwa waliopimwa na 77.2 kwa waliochunguzwa na daktari chumbani tu. Mwaka 2020 jaribio la wanawake 600 huko Skotlandi na England lilionyesha kwamba kifaa cha skrini cha kumuonyesha mama anavyobana, aina ya mtoto wa kifaa cha Kegel, hakikuongeza chochote juu ya mazoezi yaliyofundishwa vizuri. Na mwaka huo huo Dumoulin alitoa jaribio la wanawake 362 wa miaka 60 na kuendelea, Montreal na Sherbrooke: wiki 12 za mazoezi, mmoja mmoja au katika vikundi vya watu wanane. Baada ya mwaka mmoja kuvuja kulipungua kwa asilimia 70 kwa waliofundishwa peke yao, na 74 kwa wa kikundi. Mwalimu mmoja, wanawake wanane, matokeo yale yale.

Nani asiyejua vikundi hapa? Tuna vikoba. Tuna benchi la kliniki ya wajawazito, ambapo kila asubuhi muuguzi hutoa somo la afya kabla ya kadi kukusanywa. Pwani tuna makungwi na masomo, waliowafunda wari mambo ya nyonga tangu zamani bila kuona haya. Niseme wazi kwamba kukata kiuno si zoezi hili. Kiuno kinacheza nje, hiki kinavuta ndani. Lakini chumba ambacho wanawake wanazungumza miili yao wenyewe kwa wenyewe, tayari tunacho. Sijaona sababu kwa nini jaribio la vikundi kama la Montreal lisifanywe Tanga, Mombasa au Unguja, likiongozwa na wakunga.

Na tukilifanya, tupime pedi, ndiyo, lakini tuulize ya kwetu. Daftari la wenzetu halina swali la swala. Mama akirukuu mkojo unamtoka, udhu umetenguka, anarudi bombani, anaanza upya. Akirudiwa mara tatu anaacha kwenda msikitini, na majirani wanasema imani imepungua. Halina swali la ndoo ya lita 20 kichwani, wala la bodaboda kwenye barabara yenye mashimo, wala la mwanamke aliyeacha kuimba kwaya kwa sababu sauti ya juu inamtoa mkojo.

Nasuri nilisema nitairudia. Madaktari Catherine na Reginald Hamlin walifungua hospitali yao ya nasuri Addis Ababa mwaka 1974. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT inawatibu wenye nasuri bila malipo. Tundu likizibwa, watu hupiga vigelegele, na wana haki. Lakini wapo ambao tundu limezibwa, rangi ya kupima haivuji tena, na bado wakisimama mkojo unatoka, kwa kuwa mrija umefupika au umejaa makovu. Kwenye karatasi wameandikwa wamefungwa. Kijijini wananuka kama walivyonuka. Andrew Browning, daktari Mwaustralia aliyefanya kazi Ethiopia na baadaye Arusha, ni miongoni mwa waliochunguza ni nani hubaki hivyo na namna ya kumsaidia kwa nyama ya mwili wake mwenyewe, maana plastiki kwenye makovu kama hayo ni hatari. Kazi hiyo ni changa, na wagonjwa wake wako kwetu zaidi kuliko Uppsala au Michigan. Hatuwezi kungoja watafitiwe huko.

Ombi langu kwa wakunga na waganga wakuu waliopo ni dogo. Kwenye kadi ya kliniki, baada ya kujifungua, ongezeni mstari mmoja: ukikohoa au ukibeba mzigo, mkojo unakutoka? Umekuzuia kufanya nini? Muulizeni wiki ya sita, muulizeni mwaka unapotimia, na aliyetibiwa kwa njia yoyote muulizeni tena baada ya miaka mitano. Jibu liandikwe kwa maneno yake.

Maswali ya hadharani nitayapokea sasa. Kwa mama asiyetaka kuuliza mbele ya watu, chumba cha kushoto kwa jukwaa kiko wazi, mkunga yumo ndani, na mlango una kufuli.